Kupiga Picha kwa Kujifurahisha: Tafuta Kwanza cha Kupiga

Wengi huanza kupiga picha kwa ari kubwa, kisha ari hiyo ikafifia bila wao kujua ilipotelea wapi. Ukiwauliza watakuambia kamera ilikuwa duni, au muda haukutosha. Mimi naamini sababu iko kwingine: hawakuwa na kitu cha kupiga. Leo machweo, kesho ua, keshokutwa paka wa jirani, na kila picha ikabaki mkiwa. Muda si mrefu simu imejaa na mwenyewe hajui amejifunza nini.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kutafuta jambo utakalolifuata, unakaa sana kwenye mwanga, unagusa vitufe vya kamera pale vinapohitajika, na habari za kununua vifaa nimeziweka mwisho kabisa kwa makusudi.

Hatua ya 1: Andaa kamera uliyo nayo

Simu inatosha. Ifute lenzi kwa kitambaa laini kikavu kila unapotoka kupiga, kwa sababu alama ya kidole ndiyo chanzo cha ule ukungu unaozizunguka taa kwenye picha nyingi za simu, na watu huilaumu kamera bure. Washa mistari ya gridi. Ingia kwenye mipangilio uhakikishe picha zinahifadhiwa kwa ukubwa wake kamili. Halafu acha mazoea ya kuvuta picha kwa vidole. Ukivuta kupita uwezo wa lenzi, simu haikusogezi karibu na kitu. Inakata kipande cha katikati na kukikuza tu. Tembea, sogea mwenyewe.

Kama unayo kamera ya kubadilisha lenzi, chagua lenzi moja na nyingine zipumzike kabatini kwa miezi michache. Kwa kamera yenye kihisi (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kikubwa cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 35 au 50 inafaa kwa karibu kila jambo. Ukiuzoea upana wa lenzi moja, utaanza kuiona fremu kabla hujainua kamera.

Hatua ya 2: Chagua jambo moja utakalolirudia

Josef Sudek alikuwa mpigapicha wa Prague aliyepoteza mkono wa kulia kutokana na Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1954 alilipiga dirisha la studio yake ndogo, tena na tena. Miaka ya mwanzo mji ulikuwa chini ya uvamizi wa Wajerumani na kuzurura na kamera haikuwa rahisi, basi akageukia kilichokuwa mbele yake: kioo kilicholowa umande, matone yanayoteleza, mti uliopinda uani. Dirisha ni lilelile, lakini hakuna picha mbili zinazofanana. Naye mpigapicha Saul Leiter aliishi New York kwa miongo mingi katika mtaa uleule, na sehemu kubwa ya picha zake za rangi alizipiga hatua chache kutoka nyumbani.

Nawataja hawa wawili kwa sababu wanaoanza hudhani ubunifu unataka safari. Unachohitaji ni jambo lililo karibu, kiasi kwamba unaweza kulifikia kwa miguu siku ya kawaida bila maandalizi. Liwe pia ni jambo linalobadilika, kwa saa, kwa hali ya hewa au kwa watu wanaopita. Na likuguse wewe, hata kama wengine hawaoni kwa nini.

Mfano ninaoupenda ni vitu vilivyotengenezwa baada ya kuharibika: kiti kilichofungwa kamba mguuni, ndoo iliyozibwa kwa plastiki ya kuyeyushwa, mwavuli ulioshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Ukianza kuvitafuta utashangaa vilivyo vingi, na kila kimoja kina mkono wa mtu ndani yake. Mfano mwingine ni mikono ya watu wakiwa kazini, au ngazi za jengo unaloishi, au mti mmoja, au bibi yako na vitu anavyovigusa kila siku.

Ukishachagua, andika sentensi moja kwenye daftari: "Ninapiga hiki kwa sababu…" Jipe miezi mitatu. Katika muda huo unaruhusiwa kupiga kitu kingine chochote, ila jambo lako ulirudie angalau mara moja kwa wiki. Wiki ya pili au ya tatu utachoka na kuona umemaliza kila kitu. Usibadilishe hapo. Uchovu huo unakuja ukishamaliza picha ambazo kila mtu angezipiga, na zinazofuata ndizo zako.

Hatua ya 3: Jifunze mwanga kwa yai moja

Hatua hii ndiyo ninayokusihi usiiruke. Chukua yai, liweke juu ya karatasi nyeupe kwenye meza iliyo karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Zima taa zote za chumbani. Usipige kwanza. Kaa, uangalie.

Upande wa dirishani yai limeng'aa. Mwanga unapungua polepole kadiri linavyozunguka, hadi unafika kwenye ukanda wa giza. Lakini tazama vizuri: giza zito haliko ukingoni kabisa. Baada ya ule ukanda, chini upande wa kivuli, kuna mwanga hafifu unaorudi. Umetoka kwenye karatasi, ambayo imeupokea kutoka dirishani na kuurusha juu. Sasa angalia kivuli kilichoanguka mezani. Pale kinapogusana na yai ni kizito na kina mpaka unaoonekana. Kikienda mbali kinalainika mpaka hujui kimeishia wapi. Yai halina rangi ya kukuvutia wala habari ya kukusimulia, ndiyo maana linakuacha uutazame mwanga wenyewe.

Sasa piga, na baada ya kila picha badilisha jambo moja tu. Simamisha karatasi nyeupe upande wa kivuli, uone giza linavyofunguka. Iondoe, weka kitambaa cheusi mahali pake, uone kivuli kinavyozama. Zunguka meza ili dirisha liwe nyuma ya yai, kisha liwe nyuma yako wewe unayepiga. Utaona kwamba mwanga wa nyuma yako unalifanya yai liwe bapa kama sarafu, na mwanga wa ubavuni unalirudishia unene wake.

Usiku rudia zoezi kwa taa ya simu ya pili. Taa ni ndogo, kwa hiyo kivuli kina ukingo mkali. Mwombe mtu ashike kitambaa cheupe chembamba kati ya taa na yai, karibu na yai. Kivuli kinalainika papo hapo, kwa kuwa sasa chanzo cha mwanga ni kitambaa kizima, wala si ile nukta ya taa. Kanuni ni moja: kadiri chanzo cha mwanga kinavyoonekana kikubwa kutoka mahali kitu kilipo, ndivyo vivuli vinavyokuwa laini. Jua ni kubwa mno lakini liko mbali, linaonekana dogo, hivyo vivuli vyake ni vikali. Siku ya mawingu anga lote linageuka taa, na vivuli karibu vinatoweka.

Ukishalielewa yai, mweke mtu pale lilipokuwa. Mgeuze uso taratibu kuelekea dirishani, umsimamishe pale mwanga unapoingia hadi kwenye jicho la upande wa mbali. Tafuta nukta ndogo ya dirisha iliyojitokeza kwenye mboni zake. Ikikosekana, macho huonekana yamezimika.

Nje, tatizo kubwa ni jua la mchana. Likiwa utosini, soketi za macho zinajaa giza na pua inatupa kivuli kwenye mdomo. Msogeze mtu chini ya paa au mlangoni, palipo na kivuli lakini mbele yake pakiwa wazi na peupe: ukuta au ardhi iliyopigwa na jua itamrudishia mwanga laini usoni. Hapo unaweza kupiga hata saa sita mchana. Asubuhi na jioni jua likiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi, rangi ya buluu ikatawanyika njiani na kutuachia ile ya dhahabu. Kama uko karibu na ikweta, jua hushuka wima na mwanga huo hupita haraka kuliko katika nchi za kaskazini, kwa hiyo uwe umeshachagua mahali pa kusimama kabla haujafika.

Jambo la mwisho kuhusu mwanga ni rangi yake. Balbu nyingi za nyumbani zina rangi ya joto, kati ya kelvini 2700 na 3000, wakati mwanga wa mchana uko karibu na 5500. Kamera inaweza kurekebisha mmoja, lakini yote miwili ikiingia pamoja utapata uso wenye shavu la chungwa na shavu la buluu. Dawa ni rahisi: zima balbu, bakia na dirisha.

Picha ya zamani kuliko zote zilizopigwa kwa kamera na kusalia ilipigwa dirishani pia. Nicéphore Niépce aliipiga nyumbani kwake Ufaransa mwaka 1826 au 1827, na ilichukua saa nyingi kiasi kwamba jua limeangaza kuta za pande zote mbili za uani. Kila nikiitazama naona kwamba kilichonaswa pale hasa ni mwendo wa mwanga.

Hatua ya 4: Namba tatu, na kipimo kinachodanganya

Mwangaza wa picha unatawaliwa na tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga), kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera hukaa wazi) na ISO (jinsi kamera inavyoukuza mwanga iliyoupokea). Namba za tundu huenda 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila ukipanda moja mwanga unapungua nusu. Kasi ya shata nayo huenda 1/60, 1/125, 1/250, 1/500 ya sekunde, vilevile kwa nusu. ISO ikipanda kutoka 100 hadi 200 hadi 400, picha inang'aa maradufu kila hatua, ila chembechembe zinaongezeka. Kwa hiyo tundu la 4 kwa 1/250, na tundu la 5.6 kwa 1/125, zinakupa mwangaza uleule. Tofauti iko kwenye sura ya picha: tundu likiwa wazi sana, yaani namba ndogo, vitu vya nyuma hufifia, shata ikiwa ya polepole, kinachotembea huacha alama ya mwendo.

Usikariri jedwali. Weka kamera kwenye modi ya A au Av, ambapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi, kisha ukae humo kwa wiki kadhaa. Mtu aliyetulia anataka 1/125 hivi, anayetembea 1/250, mtoto anayekimbia 1/500 au zaidi. Mkono nao una mtikisiko wake: ukiwa na lenzi ya milimita 50, usishuke chini ya 1/50 bila kuegemea kitu, isipokuwa kamera ina mfumo wa kutuliza mtikisiko. Na siku betri ya kipimo cha mwanga ikikukatalia, kumbuka kanuni ya wazee wa filamu: kwenye jua kali weka tundu 16, kasi iwe sekunde moja igawanywe kwa namba ya ISO. ISO 100, basi 1/100 au namba iliyo karibu nayo.

Kipimo cha mwanga cha kamera, hata hivyo, kinahitaji kusimamiwa. Hakijui kinachotazama. Kinachukulia kwamba ulimwengu wote kwa wastani ni kijivu cha kati, kikarekebisha kila kitu kielekee hapo. Ukipiga shuka jeupe lililojaza fremu, litatoka kijivu. Ukipiga mlango mweusi, utatoka umepauka. Na mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au dirisha, kamera inaushughulikia ukuta na kumwacha yeye gizani. Picha nyingi mno za watu wetu zimeharibika hivi, na mwishowe lawama wanabebeshwa wao kwamba "hawatoki vizuri kwenye picha". Wanatoka vizuri kabisa. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, panda hadi +1 au zaidi, uangalie uso na si ukuta. Kwenye simu, bonyeza uso wake na ushikilie mpaka kipimo kijifunge, kisha telezesha alama ya jua juu au chini. Ukuta ukiungua ukawa mweupe kabisa, na uungue. Uso ndio uliokuleta.

Hatua ya 5: Zunguka kingo za fremu

Kabla ya kubonyeza, peleka macho kwenye kingo nne za fremu, mara moja, kama utaratibu wa kudumu. Hapo ndipo unapogundua nusu ya ndala, kona ya mfuko wa plastiki, nguzo inayochomoza kichwani mwa mtu. Nyingi ya kasoro hizi zinatibika kwa kuhama hatua moja kushoto au kupiga goti.

Kupiga goti hakufanywi vya kutosha. Picha nyingi hupigwa kutoka urefu wa macho ya mtu mzima aliyesimama, ndiyo maana zinafanana. Kiti kilichofungwa kamba mguuni kinataka ukae chini, fundo liwe usawa wa macho yako. Mtoto vilevile.

Kwa sura za watu, kuna jambo la umbali. Lenzi kuu ya simu ni pana, na ukimkaribia mtu sana pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Rudi mita moja na nusu hadi mbili, kisha tumia lenzi ya mara mbili kama simu inayo. Kanuni ya kugawa fremu katika sehemu tatu itumie kama inakusaidia. Mimi siipi uzito mkubwa; ukishajua kwa nini kitu kiko pale kilipo, fremu yenyewe itakuambia.

Hatua ya 6: Watu

Omba ruhusa. Najua wapo wanaosema kuomba kunaua uhalisia wa tukio. Kwa kazi za habari hoja hiyo ina nafasi yake, lakini wewe unapiga kwa kujifurahisha, na hakuna furaha yako inayozidi heshima ya mtu. Salimia, jieleze kwa maneno mawili, onyesha unachokipenda: "Nimeona ulivyoushona mwavuli huu, naomba niupige picha na mikono yako." Watu wengi hukubali wakijua ni nini hasa kimekuvutia. Akikataa, shukuru na uondoke. Akikubali, kaa, dakika za mwanzo atajipanga kwa ajili yako, kisha atairudia kazi yake, na hapo ndipo picha ilipo. Mtumie nakala. Ahadi ya picha isiyotimizwa humfungia mlango anayekuja baada yako.

Kwa watoto, ruhusa iwe ya mzazi au mlezi. Kabla ya kuweka picha mtandaoni ondoa taarifa za mahali zinazofichwa ndani ya faili, hasa ikiwa ilipigwa nyumbani kwa mtu. Majengo ya jeshi, mipaka na baadhi ya majengo ya serikali yamekatazwa katika nchi nyingi. Sheria zinatofautiana, kwa hiyo uliza mapema.

Mpigapicha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alikuwa akipiga uani kwa mwanga wa mchana, na miaka ya mwanzo shuka la kitandani mwake ndilo lililokuwa pazia la nyuma. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu. Kazi yote aliimaliza kabla: namna ya kukaa, mkono uwekwe wapi, kichwa kiinamie upande upi. Siku moja jaribu hivyo. Mkalishe ndugu yako, mpange kwa utulivu, zungumzeni, kisha piga picha moja tu na uifunge kamera.

Hatua ya 7: Chuja bila huruma, lakini si siku ileile

Kupiga ni nusu ya kazi, na nusu ya pili watu wengi hawaifanyi kabisa. Usichague picha siku uliyopiga. Siku hiyo bado unakumbuka jua lilivyokuwa kali, ulivyopanda ngazi, mzee alivyocheka, na unazihesabia picha vitu ambavyo havimo ndani yake. Subiri siku kadhaa.

Mzunguko wa kwanza uwe wa haraka: inabaki, haibaki. Mzunguko wa pili, zilinganishe mbilimbili. Tuseme umebaki na picha tatu za kile kiti. Ya kwanza inakionyesha kizima, na chumba nyuma yake. Ya pili ni fundo la kamba peke yake, kali kabisa, kila uzi unahesabika. Ya tatu ina fundo lilelile likiwa limefifia kidogo, na kidole gumba cha mwenye kiti kinalibana kulikaza. Wengi watachukua ya pili kwa sababu ndiyo safi zaidi. Mimi ningechukua ya tatu, kwa kuwa ndani yake tunaona kamba na aliyeifunga, na mradi wenyewe unahusu hao. Ya kwanza ningeiweka akiba, pengine itahitajika baadaye kuonyesha kiti kiko wapi. Unaona jinsi ile sentensi ya kwenye daftari inavyokuamulia.

Katika picha mia mbili, kumi zikibaki umefanya vizuri. Wakati wa kumwonyesha mtu, usimuulize kama zinapendeza. Muulize anaona nini. Akikueleza jambo ambalo hukukusudia, sikiliza mpaka mwisho bila kujitetea; huenda amekuonyesha mradi unakoelekea.

Hatua ya 8: Hariri kidogo

Nyoosha mstari wa upeo, kata kingo, rekebisha mwangaza, tuliza sehemu nyeupe, fungua vivuli kidogo, sawazisha rangi. Basi. Programu ya Snapseed inatosha kwenye simu, na kwenye kompyuta programu za darktable na RawTherapee zinapatikana bure. Kama kamera yako inahifadhi RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, itumie. Faili la JPEG, lile la kawaida la picha, lina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, ilhali RAW ya biti 12 ina 4,096 na ya biti 14 ina 16,384. Ndiyo maana ukivuta vivuli vya JPEG vinachanika mapema.

Na tafadhali usimng'arishe mtu ngozi. Programu nyingi zina kitelezi cha kulainisha na kung'arisha uso, na baadhi ya simu hufanya hivyo zenyewe bila kuulizwa; tafuta mpangilio huo uuzime. Mtu alikuamini akakupa sura yake. Irudishe ilivyo, na makovu yake na rangi yake.

Hatua ya 9: Hifadhi, kisha safisha kwenye karatasi

Kwa kuhifadhi, fuata kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine kabisa. Kwa mfano kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni. Kadi ya memori si hifadhi.

Kisha peleka zile kumi studio zikasafishwe. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inataka pikseli 1,200 kwa 1,800 tu ili itoke kali, na picha ya megapikseli 12 inaweza kufika upana wa sentimita 34 kwa ubora huohuo. Zitandaze sakafuni. Zisogeze: ipi ianze, ipi ifuate, ipi haielewani na jirani yake. Kuna picha itakuwa nzuri peke yake lakini inaharibu mfuatano, itoe. Ziache ukutani wiki mbili mahali unapopita kila siku. Zile unazoacha kuziona ukipita, zishushe. Nafasi iliyobaki wazi inakuambia urudi kupiga nini.

Hatua ya 10: Kununua, kama bado unahitaji

Nunua pale unapoweza kutaja kwa sentensi moja picha uliyoshindwa kuipiga na kifaa kilichokosekana. "Naingia kwenye karakana zenye giza na simu inatoa chembechembe" ni sababu. "Nataka picha kali zaidi" bado si sababu. Mwenye karakana ya giza anahitaji lenzi ya tundu kubwa, kama milimita 50 ya 1.8, ambayo kampuni nyingi huiuza kwa bei nafuu kuliko lenzi zao nyingine. Anayepiga vitu vilivyotulia huenda tripodi tu, kile kisimamio cha miguu mitatu, ikamtosha.

Vifaa vilivyotumika havina ubaya ukivikagua. Imulike lenzi kwa tochi kutoka nyuma, utazame ndani: nyuzi nyembamba zilizotawanyika ni kuvu, na lenzi hiyo iache. Vumbi dogo la ndani halina shida. Zungusha pete ya kulengea uone kama inakwenda laini. Weka tundu 16, piga ukuta mweupe, kisha ikuze picha. Madoa meusi yasiyohama ni uchafu kwenye kihisi, na mara nyingi husafishika. Piga nyingine ukiwa umefunika lenzi, kwa sekunde chache, utafute nukta za rangi zinazong'aa. Jaribu kila kitufe, mlango wa kadi na mlango wa betri. Uliza shata imefyatuka mara ngapi. Ukishanunua, hifadhi vifaa kwenye kisanduku chenye vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, kwa sababu kuvu huota pakiwa na giza na unyevunyevu, na badilisha lenzi ukiwa umekinga upepo, mdomo wa kamera ukitazama chini.